Alama Iliyokosekana Katika Ramani ya Matatu

Msomaji, neno uhakiki umezoea kulisikia likiambatana na riwaya, tamthilia na mashairi. Leo nakuomba tuhakiki ramani. Ramani nayo ni maandishi: ina watungaji waliochagua la kuandika na la kuacha, ina lugha yake, ambayo ni mistari na rangi, na ina msomaji ambaye imetungiwa. Yaweza kusema kweli tupu, na papo hapo ikanyamaza mahali palipohitaji neno. Ramani ninayoikusudia ni ile ya njia za matatu katika mji wa Nairobi, iliyotolewa mwezi wa Januari mwaka wa 2014 na watu wa mradi uitwao Digital Matatus. Ukiwa mkazi wa Makongeni, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole au Dandora, ramani hiyo yakuhusu kuliko vitabu vingi vilivyomo mkobani mwako, kwani yasimulia safari yako ya kila asubuhi.

Tuanze na jinsi ilivyopatikana, maana habari yenyewe yapendeza. Matatu ziliruhusiwa kuchukua abiria mwaka wa 1973, kwa tamko la Rais Jomo Kenyatta, na tangu hapo zikaongezeka hata zikawa ndizo zibebazo sehemu kubwa ya watu wa mji. Lakini kwa muda wa miaka arobaini abiria hakuwa na ramani yake. Njia zilikaa vichwani mwa madereva na makanga. Mgeni aliuliza, mwenyeji alikumbuka, na aliyekosea aliteremka akaanza upya. Ndipo wanachuo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wataalamu wa vyuo viwili vya Marekani, MIT na Columbia, pamoja na shirika dogo la Groupshot, walipozipanda matatu moja baada ya nyingine, simu mkononi. Simu hizo zilikuwa na programu iliyojua, kwa msaada wa setilaiti, mahali gari lilipo. Na kila gari liliposimama, mwanachuo alitia alama. Njia zaidi ya 130 zilikusanywa hivyo. Hesabu zikatiwa katika kompyuta, kompyuta ikatoa mistari, na mistari hiyo iliyokuwa imesokotana kama nyuzi za kikapu wachoraji wakainyosha na kuipaka rangi. Walichokipata walikitoa bure kwa kila mtu, na mwaka wa 2015 njia hizo zikaingizwa katika ramani za Google, ambapo mtu yeyote mwenye simu aliweza kuziona.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Sifa yake ya kwanza ni kwamba imewakanusha wale waliozoea kusema kuwa matatu ni fujo tupu. Mtu asimamaye Muthurwa saa kumi na mbili ya jioni, akasikia honi, makelele na matusi, ataapa kwamba hapana mpango wowote pale. Ramani yamwonyesha mpango. Njia zina nambari, zina mwanzo na mwisho, zagawana barabara na kupishana; na mpango huo haukutoka katika ofisi moja, bali umefumwa na watu wengi, kila mmoja akitafuta riziki yake.

Sifa ya pili ni kubwa zaidi. Kipimo cha mchoro mzuri wa kazi yoyote ile ni kwamba utamwonyesha aifanyaye kila siku jambo asilopata kuliona. Nami nilipoitazama ramani hii mara ya kwanza niliona jambo nililokuwa nimelipanda kwa miaka mingi bila kulijua: karibu njia zote zakimbilia mahali pamoja, katikati ya mji. Mistari ya mashariki yashuka kwa Barabara ya Jogoo kama maji ya mvua yatafutayo mtaro. Mtu akitaka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine ulio jirani, mara nyingi hupelekwa kwanza mjini, kisha hurudishwa, akalipa nauli mbili. Tulikuwa tukilaumu wingi wa magari. Ramani yasema kuwa umbo la njia nalo lina lawama yake. Hilo ni neno zito, na limesemwa kwa wino wa rangi tu, bila hotuba.

Hizo ndizo sifa zake, wala sitazipunguza. Lakini mhakiki asiyeuliza umbo limetoka wapi hajamaliza kazi yake.

Umbo la ramani hii ni mwanafunzi wa ramani ya reli za chini ya ardhi za London, iliyochorwa na Harry Beck na kutolewa kwa watu mwaka wa 1933. Beck aliona kwamba abiria aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua kila kona ya njia. Ataka kujua tu aingie wapi, abadili wapi na ashuke wapi. Basi akainyosha mistari, akasawazisha nafasi baina ya vituo, akaacha mengine yote. Ilikuwa busara, na miji mingi ya dunia imemfuata. Lakini angalia alichoweza kukiacha bila hasara: aliacha muda. Aliweza kuuacha kwa sababu treni ya London huondoka kwa saa, awemo abiria mmoja au wawemo mia.

Matatu haiondoki kwa saa. Huondoka ikijaa. Nenda ukapande nambari 58 ya Buruburu saa nne ya asubuhi, wakati watu wamekwisha kwenda kazini. Utamsikia manamba akiita, “Bado mmoja! Bado mmoja twende!” nawe ukiingia wakuta viti saba vi wazi. Pengine utakuta gari limejaa kweli, ukafurahi. Mara hao uliowadhania abiria wateremka mmoja mmoja kadiri abiria wa haki wanavyoingia, maana walikuwa wamekalishwa pale ili gari lipendeze machoni. Mimi nimepata kusahihisha daftari za darasa zima katika gari lisilotikisika hata inchi moja. Katika ramani, mahali hapo pote pa kungoja ni doa dogo tu lisilo na upana.

Na si katika karatasi peke yake. Mtindo wa kuandika habari za usafiri ambao kompyuta huusoma ulibuniwa tangu mwaka wa 2005 huko Portland, Marekani, na watu wa mabasi ya mji huo pamoja na kampuni ya Google. Mtindo huo wataka kuambiwa: gari lafika kituo hiki saa ngapi? Ni swali la haki Portland. Nairobi lilikuwa kama kumwuliza mvuvi saa ambayo samaki atauma. Wana-Digital Matatus ilibidi waukunje mtindo huo ili uzifae matatu zisizo na ratiba, nao wastahili sifa kwa ukunjaji huo. Lakini nguo iliyokatiwa mtu mwingine hubaki na mshono wake.

Hapa nataka kukuvusha ng'ambo ya reli, msomaji, mpaka viwandani, maana wazazi wa wengi wenu hufanya kazi huko, na huko kuna kitu tunachoweza kukiazima. Mwaka wa 1921 Frank Gilbreth na mkewe Lillian waliwaonyesha wahandisi wa Marekani namna ya kuchora kazi ya kiwanda hatua kwa hatua, ili ionekane yote kwa mtazamo mmoja. Mwaka wa 1947 chama cha wahandisi hao kikasawazisha alama zikawa tano. Duara ni kitendo: kitu kinakatwa, kinachemshwa, kinashonwa. Mshale ni kuhamishwa. Mraba ni kukaguliwa. Pembetatu iliyosimama kwa ncha ni kuwekwa ghalani. Na alama ya tano, inayofanana na herufi D, ni kungoja: kitu kimekaa, hakitendwi lolote, kwa sababu hatua inayofuata haijawa tayari.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta. Hupokea habari kutoka kwenye mashine, zikachora mtiririko wote kwa rangi, na mahali pa msongamano pakawaka wekundu. Lakini sarufi yake ni ile ile ya zamani, na neno lenye thamani kuliko yote katika sarufi hiyo ni D. Mwenye kiwanda cha sabuni huweza kuamini kuwa tatizo lake ni mashine ya kukatia iliyo nzito. Akichora, aona kwamba sabuni hukatwa kwa nukta chache, na kabla ya hapo ilikaa nusu siku ikingoja. Angaliinunua mashine mpya, sabuni ingalifika upesi zaidi mahali pengine pa kungojea.

Niliwafundisha wanafunzi wangu alama hizo tano. Nakiri kwamba sikuanza kwa sababu ya elimu. Nilianza kwa sababu ya daftari la wachelewaji. Katika shule moja ya Eastlands, ambayo sitaitaja, nilikuwa mwalimu wa zamu, na kila asubuhi niliandika majina langoni. Katika chuo cha ualimu nilikuwa nimefunzwa kuwa kuchelewa ni tabia, na tabia hurekebishwa. Asubuhi moja msichana wa Kayole, mtulivu, asiye na maneno mengi, aliniambia, “Mwalimu, mimi sikuchelewa. Nilicheleweshwa.” Nikaandika jina lake kama kawaida. Lakini neno lile halikunitoka. Nalifundisha sarufi, nami nilijua tofauti ya vitenzi hivyo viwili.

Basi nikawapa darasa kazi ya juma moja: kila mtu achore safari yake kutoka kitandani mpaka dawatini kwa zile alama tano, na kando ya kila alama aandike dakika. Michoro iliporudi, tuliitandaza sakafuni. Mishale ilikuwa mifupi. Herufi D zilikuwa zimesongamana stejini kama watu wenyewe. Wengi walikuwa wamesimama muda mrefu kuliko waliosafiri, na siku ya mvua ilikuwa na D mbili: moja ya kungoja gari, na ya pili ya kungoja gari litakalotoza nauli aliyopewa na mama yake, maana mvua ikinyesha nauli hupanda. Ile ramani nzuri ya rangi ilikuwa ukutani juu yetu, na hapana hata moja ya D hizo iliyoonekana ndani yake.

Yaweza kusemwa kwamba ninaidai ramani isichoahidi. Kwamba hakuna mchoro ubebao yote, na kama ungebeba yote usingesomeka. Ni kweli. Sidai yote. Nadai kwamba kinachoachwa kisiwe ndicho kinachomwumiza msomaji wa mchoro. Abiria wa Umoja ajua njia yake. Asichokijua ni kama atafika.

Na nyuma ya D kuna jambo ambalo hata michoro ya wanafunzi wangu haikulifikia. Mwenye gari mara nyingi humtaka dereva ampelekee kiasi fulani cha fedha kila jioni. Watu wa kazi hiyo hukiita tageti. Kinachozidi, baada ya mafuta na gharama za njiani, ni cha dereva na makanga. Ukilijua hilo, mambo mengi yaliyoonekana kuwa ukorofi hupata sababu: kungoja mpaka kiti cha mwisho wakati abiria ni haba, kukimbia na kupanda kando ya barabara wakati abiria ni wengi, kuwateremsha watu katikati ya safari na kugeuza, kupandisha nauli mawingu yakitanda. Tageti ndiyo injini ya mtiririko wote, wala haina mstari katika ramani.

Tulipata kuona chombo kingine kikijikwaa juu ya jiwe hilo hilo. Mwaka wa 2013 Google na Benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay, ili nauli ilipwe bila fedha taslimu, na mwaka wa 2014 Serikali ikataka matatu zote zifuate mtindo wa namna hiyo. Kwa mwenye gari kadi ilikuwa taa: aliona kila shilingi. Kwa makanga ambaye fedha taslimu ndiyo iliyomlipa yeye, manamba na mengine ya njiani ambayo hayaandikwi, taa hiyo ilikuwa imeelekezwa machoni. Mwaka wa 2015 BebaPay ilifungwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ramani ya 2014 ni kazi bora kabisa ya kuonyesha njia, na kazi nusu ya kuonyesha usafiri. Watungaji wake waliketi ndani ya matatu, jambo ambalo wapangaji wengi wa mji hawajapata kulifanya, wakaandika walichokiona. Ila waliazima kalamu ya mji ambao magari yake hayangoji.

Niliipeleka michoro ya wanafunzi katika mkutano wa walimu. Wengine waliisifu. Mwenzangu mmoja, mwalimu mzuri na mwenye miaka mingi kazini, alisema kwamba nimewafundisha watoto kuandika udhuru kwa lugha ya uhandisi, na kwamba katika darasa lile lile wako wa Kayole waliofika mapema kila siku. Nilitazama: ni kweli, wako, na michoro yao yaonyesha kwamba huondoka nyumbani saa kumi na nusu za alfajiri, gizani. Sikuwa na jibu zuri la kumpa, wala hata leo sijui kama saa hiyo niihesabu upande wake au upande wangu. Daftari la wachelewaji lingali langoni. Ramani ingali ukutani, na mmoja wa wanafunzi, sijui nani, ametia herufi D kwa penseli tangu Muthurwa mpaka mwisho wa Barabara ya Jogoo. Sijazifuta.