Ngamia 17 na Tusui Isiyorithiwa
Chemshabongo hii ya kale mwaijua: mzee aacha ngamia 17, kifungua mimba apate nusu, wa pili theluthi, kitindamimba tusui. Mpita njia aongeza ngamia wake, wawe 18. Wana wagawana tisa, sita na wawili, naye aondoka na wake. Ati hekima! Mimi naona kiini macho. Mafungu hayo yakijumlishwa ni sehemu 17 kati ya 18. Wosia haukugawa mali yote. Isimulie Modogashe uchekwe. Katika mirathi ya Kiislamu, wana wa kiume hupata sawa, na tusui haimo katika mafungu ya warithi. Tena mfugaji atauliza: wa maziwa ni yupi? Walimu, tufundishe kulihoji swali kabla ya kulishangilia jibu.