Mtalala kwa Nani?

Kupanga safari ya miguu ni ufundi, ingawa hakuna chuo kinachoufundisha. Niliuona ukifanywa huko Nyatike, kaunti ya Migori, kibarazani kwa mzee mmoja ambaye ujana wake wote uliishia nyuma ya ng'ombe, akiwaswaga kutoka mnada hadi mnada. Wajukuu zake walikuwa wamekuja na hamu ya kutembea wiki nzima. Walitaka kuanzia mji wa Migori, wateremke na mto hadi Macalder na Gogo, waione Thimlich Ohinga, ngome ya kale ya mawe, wapande ukingo wa Kanyamwa, walizunguke bonde la Lambwe na kumalizia Mbita, ufukweni mwa ziwa. Mstari wa njia walikuwa wamekwisha kuuchora kwenye simu. Mzee aliutazama, akawarudishia simu yao, akauliza, "Mtalala kwa nani?"

Vijana walitazamana. Wao walikuwa wamegawanya kilomita. Mzee alianza kwa kugawanya usiku. Kila usiku aliutafutia boma: hapa kwa shemeji, pale kwa mwalimu mstaafu, kule kwa mama mmoja aliyewahi kuuza njugu sokoni. Malazi yalipopatikana, akatafuta maji ya saa sita mchana, kisha vivuko, kisha siku za soko, kwa sababu siku ya soko njia huwa na watu, na penye watu mgeni hapotei. Kilomita hakuzitaja hata mara moja.

Sehemu aliyoikalia muda mrefu ni mto Kuja, ambao ndugu zetu Wakisii huuita Gucha. Mto huu huanzia nyanda za juu za Kisii na Nyamira, hupokea maji ya mto Migori, kisha hutambaa katika tambarare za Nyatike hadi Ziwa Victoria. "Mkifika kivukoni," alisema, "msihangaike na mawingu yaliyo juu yenu. Ulizeni kama jana kulinyesha Kisii." Mvua ya milimani huwafikia watu wa chini ikiwa imekwisha kuwa mto, na pengine siku hiyo anga lao ni jeupe kabisa. Kisha akawaeleza namna ya kusoma maji. Chomeka kijiti pale maji yanapogusa mchanga, kaa kivulini, ule chakula chako bila haraka. Ukimaliza kula, kitazame kijiti. Kama bado kiko ukingoni, vuka. Kama maji yamekipita, na majani makavu na povu vimeanza kuteremka, basi leo unalala upande huu. "Na ndiyo sababu lazima umjue mtu wa upande huu," aliongeza.

Hapo nikaelewa swali lake la kwanza. Urafiki wa njiani ulikuwa sehemu ya vifaa vya safari, sawa na fimbo na kibuyu cha maji.

Baada ya hapo mkeka ulitandikwa na mifuko ikamwagwa. Lilitoka jaketi jipya la buluu, na mzee akaliweka kando. Lambwe ni nchi ya mbung'o, mdudu aliyeleta malale na kuwahamisha watu huko zamani, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu iliyokoza. Mitego ya kumnasa hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi. Mbuga ya Ruma yenyewe, kilomita za mraba 120, ndiyo makao ya mwisho ya korongo wa porini nchini Kenya, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma. Nyati nao wamo. Kwa hiyo asiye na ruhusa ya shirika la wanyamapori hupita nje, akifuata miinuko. Karibu na Macalder alionya juu ya mashimo ya wachimba dhahabu, mengine yameachwa na nyasi zimeyafunika. Huko hukati njia ya mkato, na hutembei jua likishazama. Chakula alichokikubali ni njugu za kukaanga, nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ya siku ya kwanza tu kwa kuwa huchacha, na sukari guru ya kung'ata miguu inapokataa.

Siku ya Thimlich Ohinga aliwaachia nafasi kubwa, na hakueleza sababu. Nadhani naijua. Kuta zile, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zinadhaniwa kujengwa karne ya 16, bila udongo wala saruji. Mawe makubwa yamepangwa pande mbili, na katikati na kwenye mianya wakasukuma vijiwe vidogo visivyovutia jicho la mgeni. Ving'oe hivyo, ukuta utaporomoka. Safari ya mzee yule ilikuwa imejengwa hivyo hivyo, kwa mambo madogo.

Ufundi huu unaondoka. Njia za ng'ombe zimezibwa kwa seng'enge. Bodaboda humchukua mtu hadi mlangoni, na hana haja ya kumsalimu yeyote kati ya alikotoka na aendako. Wanaotembea kwa starehe huja na mahema ya bei kubwa, wakajitenga na maboma kana kwamba wenyeji ni sehemu ya hatari. Nasi wenyeji tumejifunza kuwatazama tu wakipita. Watu wa Homa Bay wanalo ziwa la Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, na kila mtoto wa huko amesimuliwa kwamba palikuwa na kijiji kilichomfukuza bibi kizee mgeni usiku wa sherehe, mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Tunaisimulia hadithi hiyo kwa watalii, na milango tumeifunga.

Simu inajua mwinuko wa kila kilima cha Gwassi. Haijui nani atakufungulia lango usiku mto Kuja ukiwa umefura, wala mama yupi atakwambia kwamba jana Kisii kulinyesha. Elimu hiyo imo vichwani mwa wazee wachache ambao magoti yao hayawaruhusu tena kwenda hata sokoni, na sisi tunapowatembelea tunawauliza habari za dawa na mashamba tu.

Kama kwenu yuko mzee aliyewahi kuswaga ng'ombe, kubeba samaki wakavu kichwani au kupeleka barua kwa miguu, kaa naye na daftari mwaka huu. Andika majina ya vivuko, visima, na maboma yaliyompokea. Kisha nenda ukayasalimu maboma hayo kwa miguu yako mwenyewe, na lako liache wazi kwa atakayepita.