Ngeli Zisizohitaji Kukaririwa

Imekuwa desturi katika madarasa mengi ya Kiswahili nchini Uganda kumfundisha mwanafunzi ngeli kana kwamba hajapata kuzisikia. Huandikiwa jedwali, A-WA, KI-VI, LI-YA na kuendelea, akaambiwa akariri. Kwa maoni yetu, hayo ni matumizi mabaya ya isimu. Asemaye Kiganda ana ngeli tangu utotoni. Kwa ekitabo ekirungi na ebitabo ebirungi alizonazo, kitabu kizuri na vitabu vizuri havimsumbui.

Humsumbua mbwa. Kiganda husema embwa yange efudde, upatanisho ukifuata ngeli ya nomino. Kiswahili sanifu humtazama mbwa kama kiumbe hai: mbwa wangu amekufa. Ndiyo sababu kila muhula tunasahihisha "mbwa yangu imekufa". Akishaizoea A-WA, anakutana na rafiki yangu amefika, ambapo kimilikishi kimefuata ngeli moja na kitenzi nyingine! Hapa ndipo mwalimu anapaswa kukawia, lakini ndipo jedwali linaponyamaza.

Vivyo hivyo kwa l na r. Katika Kiganda hizo ni fonimu moja: r hufuata e na i, l hutokea kwingineko. Kwa hiyo habari huwa "habali", meli huwa "meri", na wananchi huenda "kupiga kula". Anayedhani huo ni uzembe hukaripia. Anayeijua kanuni huandaa jozi kama kura na kula, karamu na kalamu, mahari na mahali.

Ulinganishi wa lugha, alioutetea Robert Lado mwaka 1957, hautabiri kila kosa, na S. Pit Corder alituelekeza mwaka 1967 kuyachunguza makosa yenyewe. Tena darasani wamo Waacholi na Walangi, ambao lugha zao hazina ngeli za namna hii. Hao jedwali wanalihitaji kweli.

Tangu mtaala wa 2020 ulipofanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, wahitimu wetu ndio wanaotarajiwa kusimama mbele ya madarasa hayo. Nasi bado tunawatahini kwa "Taja aina za mofimu." Tunapendekeza swali hilo liondolewe, na badala yake mtahiniwa apewe insha ya mwanafunzi wa sekondari, aeleze makosa kumi yametoka wapi na angefundisha nini Jumatatu inayofuata.