Taa ya Shahidi katika Rufani ya Mauaji

Mtu aliyehukumiwa kunyongwa kwa neno la shahidi mmoja aliyemwona usiku huenda akadhani, anapofika mbele ya majaji wa rufani, kuwa sharti athibitishe kwamba shahidi huyo alisema uwongo. Kumbe aghalabu majaji hawana haja ya kumwita mtu mwongo, kwa kuwa mwongo hunaswa na maneno yake mwenyewe anapohojiwa, ilhali mkweli aliyekosea husema kwa yakini na utulivu, na yakini hiyo ndiyo yenye hatari.

Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Abdala bin Wendo, ilikubali kuwa jambo laweza kuthibitishwa na shahidi mmoja, illa ikaamrisha hadhari kubwa pale hali ya kuonea ilipokuwa ngumu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani lililomo katika taarifa za sheria za 1980, ilizidi kukaza: utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu mno, wala usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kumfananisha mtu na mwingine umeondoka. Basi huulizwa shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mchana au usiku, kwa mwanga wa namna gani, na kama alipata kumwona kabla ya hapo.

Kwa rai yangu, swali la mwanga ndilo zito kuliko yote, na ndilo liulizwalo kwa uvivu. Shahidi husema palikuwa na taa, na wakili wa Serikali, akiridhika, hupita. Lakini taa gani? Katika rufani ya Issa Mgara, ya 2005, majaji walikumbusha kuwa taa za umeme, kandili na vibatari hazitoi mwanga sawa, na kwamba kusema tu palikuwa na mwanga hakutoshi. Kibatari kilichowekwa sakafuni, nyuma ya mlango, chaweza kumulika miguu ya mvamizi na kuuacha uso wake gizani. Na kurunzi ya mvamizi, ambayo mashahidi wengi huitaja kana kwamba iliwasaidia, humpofusha yule anayemulikwa na kumsitiri anayeishika.

Jaji wa rufani hakumwona shahidi. Analo jalada la mwenendo wa shauri, na katika rufani ya kwanza ni wajibu wake kuupima upya ushahidi wote. Madhali kilichobishaniwa si ukweli wa shahidi bali uwezo wa macho yake, hasara hiyo si kubwa kama idhaniwavyo: haya ya uso haisemi kitu juu ya utambi. Ila lisiloandikwa jaladani halipimiki, na shaka inayobaki ni haki ya mrufani.

Yako maneno yanayoupa ushahidi nguvu, na la kwanza ni kumtaja mtuhumiwa mapema, kama ilivyoelezwa katika shauri la Marwa Wangiti. Aliyemtambua jirani yake usiku, kisha asimtaje kwa waliokuja kuitikia yowe wala kwa polisi, sharti aeleze sababu. Wapelelezi, basi, waandike habari za taa na majina yaliyotajwa siku ile ile ya maelezo ya kwanza, kwani Mahakama ya Rufani haitawajazia pengo hilo.