Kable iko, Windows iko, GPS haiko



Wiki ile ya kupima mashamba ya mpunga upande wa Luberizi, nilituma picha moja mu grupe letu la WhatsApp, saa tatu ya usiku. Kwenye picha kulikuwa laptopu yangu yenye Ubuntu, ndani yake VirtualBox, ndani ya VirtualBox Windows 7, na ndani ya Windows 7 programu ya MapSource ikisema haioni GPS yoyote. Pembeni, juu ya meza, GPS yenyewe, Garmin GPSMAP 60CSx, imewaka na kable imechomekwa. Nilipata majibu kumi na moja. Tisa kati yao yalikuwa jibu moja: "Grand, weka Extension Pack." Mawili yaliyobaki: zima, kisha washa tena.

Leo nataka kuchambua yale majibu, pamoja na VirtualBox yenyewe, na pia sisi wenyewe tunaopenda kuweka Windows ndani ya kila kitu.

Kwanza niseme juu ya nini nilikuwa na haraka. Ile GPS inashika pointi 10,000 za njia uliyotembea. Ukiipanga ipige pointi moja kila sekunde, hesabu ni fupi: haifiki saa tatu za kutembea. Kisha inaanza kufuta za zamani ili iandike mpya, na haikuulizi. Mtu atasema, si unahifadhi njia ndani ya kifaa? Ndiyo, lakini njia iliyohifadhiwa inapunguzwa hadi pointi 500, na nafasi ni 20 tu. Sisi tulikuwa na mashamba zaidi ya 40 na GPS mbili za kukopa. Kila jamaa ingepewa mbegu na mbolea ya deni kufuatana na ari za shamba lake. Mama mmoja alitembea nami mipaka yake yote jua la saa saba, mtoto mgongoni, miguu mu maji. Asubuhi tungeanza tena na mashamba mengine. Kama njia za siku ile hazikutoka usiku ule, nani angeenda kumwambia mama atembee tena? Mimi.

Sasa, kwa wale wa kitivo cha sheria wanaosoma hapa: mashini virtuele ni ordinatere ya kuigiza inayokaa ndani ya ordinatere ya kweli. Ile ya kweli tuiite mwenyeji, ile ya ndani tuiite mgeni. Mgeni hana prizi yake mwenyewe. Kila kitu cha nje anachokiona, amepewa na mwenyeji. Kupitisha kifaa cha USB ni mwenyeji kukiachilia ili mgeni akishike, kwa sababu hawawezi kukitumia wote wawili kwa wakati mmoja. Njo maana kle USB uliyoifungua Ubuntu inapashwa kufungwa vizuri kabla ya kuipeleka Windows. Ukiinyakua wakati mwenyeji bado anaandika, faili zinaharibika na utasema ni virusi.

Hapo njo kosa la yale majibu tisa linaonekana. Kifaa kinapita milango mingi: kable, kisha mwenyeji akitambue, kisha wewe uwe na ruhusa, kisha VirtualBox ikichague, kisha mgeni awe na piloti, ile programu ndogo inayosemesha kifaa na Windows. Sisi wote tunaanza kutafuta kwenye mlango wa mwisho, sababu njo pale dirisha la kosa linapotokea. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: Ubuntu yenyewe inaiona? Neno moja tu kwenye terminali, lsusb, linakujibu. Kifaa kisipoandikwa kwenye ile orodha, acha Windows ipumzike, badilisha kable. Kable nyingi za sokoni zinapitisha umeme tu. Simu inachaji, taa inawaka, lakini data haipiti.

Na Extension Pack? Shauri hilo lilikuwa na akili miaka ya nyuma. Kuanzia toleo la 4.0, la Desemba 2010, VirtualBox iligawanywa: programu kuu ilikuwa huru, lakini USB 2.0, na baadaye USB 3.0, ziliwekwa kwenye ile paki ya pembeni. Ilipashwa kuwa na namba ileile ya toleo la VirtualBox yako. Leseni yake iliruhusu bure matumizi ya mtu binafsi na ya masomo, si ya kazi ya biashara. Ni wangapi kwetu waliosoma ile leseni kabla ya kuiweka kwenye ordinatere ya biro? Lakini toleo la 7.0, la Oktoba 2022, lilirudisha USB 2.0 na 3.0 ndani ya programu kuu. Kwa hiyo mwenye toleo la 7 anayekwenda kumaliza mega zake kutafuta paki kwa ajili ya GPS anapoteza franga. Na hata zamani, bila paki, USB 1.1 ilikuwepo, na vifaa vingi vya kupimia ni vya polepole, inavitosha. Tumerithi shauri bila kurithi sababu yake, sawa vile mkulima anayemwaga dawa ya nyanya kwenye maharagwe kwa sababu jirani alipona.

VirtualBox nayo ina lawama zake. Kwenye Linux, mtumiaji anapashwa kuwa ndani ya kikundi kinachoitwa vboxusers. Kama hayumo, orodha ya USB inakuwa tupu, sawa na orodha ya mtu ambaye hakuchomeka kitu. Niwe mkweli: ukifungua mipangilio, onyo linatokea, na linataja kile kikundi kwa jina. Mimi nililifunga bila kulisoma, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Hilo ni langu. Lakini lile onyo linakuambia ujiunge na kikundi, halikuambii kwamba baada ya kujiunga ni lazima utoke kwenye kikao chako cha Ubuntu na kuingia upya. Kufunga dirisha la VirtualBox na kulifungua tena hakusaidii. Nilipolisoma hatimaye, niliandika amri, nikafungua tena, orodha bado tupu, nikaamini kwamba shauri ni la uongo. Saa moja ilikwenda hapo, na betri ya laptopu ilikuwa inashuka. Mwenye kuandika onyo alijua ukweli wote, akatupa nusu.

Lawama ya pili ni vichujio. Kichujio ni ile kanuni unayoiandika ili kifaa fulani kiende kwa mgeni chenyewe kila kikichomekwa. Ukikitengeneza kwa kuchagua kifaa kwenye orodha, VirtualBox inajaza kila kitu: namba ya mtengenezaji, namba ya aina, namba ya marekebisho, majina, hadi namba ya mfululizo ya kile kifaa peke yake. Inaonekana ni uangalifu. Lakini chukua kable mbili za FTDI, zile za kugeuza serial kuwa USB, ambazo mizani na vipimo vya zamani vya maabara vinazitumia. Zote mbili ni 0403:6001, lakini kila moja ina namba yake ya mfululizo. Kichujio cha ile ya kwanza kitaikataa ya pili, na hutaambiwa sababu. Dawa ni kufuta zile sehemu zote na kubakiza namba mbili tu, ya mtengenezaji na ya aina. Hivyo njo kingepashwa kuwa tangu mwanzo, na mwenye kutaka ukali zaidi angeongeza mwenyewe.

Kuna pia vifaa vinavyobadilisha jina njiani. Modemu za Huawei tulizozitumia sana kabla simu hazijaanza kugawa intaneti zinajitangaza kwanza kama CD yenye programu ya kusakinisha, kisha zinageuka kuwa modemu, na namba ya aina inabadilika. Kichujio kinashika ile CD. Ikigeuka, inatoka mikononi mwake na kurudi kwa mwenyeji. Mtu anaona kifaa kinatokea sekunde mbili na kupotea, analaumu prizi. Anayehitaji vichujio viwili kwa kifaa kimoja, nani atamwambia?

Mlango wa mwisho, ule wa piloti, una siasa yake. Windows 7 haikuja na piloti ya USB 3.0, kwa hiyo ukimpa mgeni wako kidhibiti cha USB 3.0 bila kumwekea piloti, umempa mlango asioweza kuufungua. Mpe 2.0. Lakini kisa kinachonikasirisha hadi leo ni cha mwaka 2014. Kampuni ya FTDI ilitoa piloti mpya, ikapita kwenye masasisho ya Windows, na ile piloti ilipokutana na chipu ya kuiga iliandika sifuri mahali pa namba ya aina. Kifaa kikawa hakitambulikani tena, hata ukikipeleka kwenye ordinatere nyingine. Baada ya kelele nyingi piloti iliondolewa kwenye masasisho. Naelewa, kuiga ni wizi. Lakini mwenye kuadhibiwa hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyenunua kable dukani bila njia ya kujua. Kwa soko kama letu, ambapo bidhaa zinapita mikono mingi kabla ya kufika Uvira, adhabu ya namna hiyo inaangukia sisi. Na ukiwa ndani ya mashini virtuele, utatafuta kosa kwenye VirtualBox siku nzima, kumbe mgeni wako njo aliyeua kable.

Turudi Luberizi. Nilipotoka kwenye kikao na kuingia upya, GPS ilionekana kwenye orodha. Betri ilikuwa imebaki kidogo, umeme hakuna, na Windows ndani ya Ubuntu inakula betri mara mbili. Kijana anayechaji simu za watu kwa panno ya jua alikuwa amekaa pembeni akiniangalia. Akauliza: "Grand, hii haina kadi sawa simu?"

Ina. Iko chini ya betri, kadi ndogo ya microSD. Ile GPS inaweza kuandika njia moja kwa moja kwenye kadi, ukiiwasha kwenye mipangilio yake, na faili inatoka kwa mtindo wa GPX ambao QGIS inaufungua bila Windows yoyote. Tena si lazima kutoa kadi: GPS yenyewe ina mahali pa kuiambia ijifanye kle USB. Nilikuwa na lisansi, nilikuwa na ordinatere mbili moja ndani ya nyingine, na sikuwa nimefungua menyu ya kifaa nilichokibeba kutwa mkononi.

GPS ya kwanza, mwenyewe alikuwa amewasha uandishi wa kadi zamani. Njia zote zilikuwemo. Ya pili hapana. Hiyo nikaitoa kwa GPSBabel, programu ndogo ya bure inayokimbia Ubuntu kwenyewe. Kuipakua kulikula mega chache kuliko video moja ya mahubiri. Ilikuwa na mtego mmoja, na maelezo ya GPSBabel yenyewe yanausema: Linux ina kipande kinachoitwa garmin_gps ambacho kinaidaka GPS kabla yako. Unakiondoa kwa rmmod, kisha amri moja, na pointi zinamiminika.

Sisemi mashini virtuele ni bure. Kuna kipimo cha maabara ambacho programu yake iliandikwa kwa Windows tu, na aliyeiandika hayuko tena. Kuna programu inayodai kle yake ya leseni ichomekwe ndiyo ifunguke. Hapo huna njia nyingine, na VirtualBox, pamoja na madirisha yake yanayosema nusu, inaokoa kifaa ambacho kingetupwa. Lakini kwangu mimi Windows ilikuwemo kwa sababu moja tu: karatasi ya mafunzo tuliyopewa ilisema MapSource, na nikaona ni rahisi kujenga nyumba ndani ya nyumba kuliko kuuliza kama kuna programu nyingine.

Shamba la yule mama lilikuwa kwenye GPS ya pili, njia ya mwisho kabisa kwenye faili. Ari 38. Yeye alikuwa ameniambia nusu hekta. Asubuhi tulirudi pale na kamba ya mita hamsini, yeye akashika upande mmoja, mimi mwingine.