Pombe ya Ndizi, Nchi ya Mtama

Kintinku si nchi ya migomba. Huku kwetu, kando ya Reli ya Kati, pombe ya sherehe hupikwa kwa nafaka. Ndiko nilikoiona mara ya kwanza, kwenye simu, picha ya Sam Joseph Ntiro ya mwaka 1956: wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Tangu 1960 picha hiyo ni mali ya MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa jijini New York.

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisomea uchoraji Makerere chini ya Margaret Trowell, akafundisha hapohapo, kisha akajiendeleza katika shule ya Slade, London. Baada ya uhuru alirudi London akiwa balozi wa Tanganyika. Baadaye alisimamia utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Ukizitazama picha zake, safari zote hizo huzioni. Anarudi kijijini kila mara: watu wadogo wadogo, vilima, migomba, wote wakifanya kazi moja. Nyuso zao hazina alama za kumtofautisha huyu na yule.

Hapo ndipo ninapogombana naye. Nimekua nikibeba ndoo na bibi yangu, na najua kazi ya pamoja ina maneno yake: nani kakwepa, nani kajaza nusu, nani karuka foleni. Wanakijiji wa Ntiro hawachoki wala hawanuniani. Ni rahisi kusema alichora ujamaa wa kwenye mabango. Lakini picha ile ililitangulia Azimio la Arusha kwa miaka 11. Hakuna serikali iliyomwagiza.

Siku hizi naisoma hivi: ni kijiji cha mtu aliyekaa mbali. Ukiwa Kampala au London, nyumbani hukumbuki ugomvi wa kisimani. Unakumbuka msururu wa watu gizani, na kwamba wewe ulikuwa mmoja wao. Uso haupo kwa sababu kumbukumbu imebakiza mwendo tu. Huo ni ukweli, ingawa ni nusu yake.

Nusu iliyobaki inatuhusu sisi. Shuleni kwangu hapakuwa na somo la uchoraji. Ulichora pembeni mwa daftari la hisabati, ukachapwa. Ntiro alipata mwalimu aliyemwambia kwamba maisha ya kwao yanafaa kuchorwa, naye akawa mwalimu wa wengine. Mimi nililipata somo hilo ukubwani, kwenye kioo kilichopasuka.

Juzi nimechora foleni ya ndoo ya hapa Kintinku. Nyuso nimeziweka zote, na mbili zimenuna. Bibi ameitazama, akauliza kwa nini nimemfanya mzee hivyo. Kisha akaomba nimpe.