Mkate wa Kambini

Mtu akistaafu ualimu huku kwetu hupewa kiti cha mbele katika kila harusi, na pamoja nacho ruhusa ya kusema juu ya jambo lolote, hata lile asilolijua vizuri. Mimi nimewahi kuitumia vibaya ruhusa hiyo, na kisa chenyewe ni mkate.

Hapa Kasulu mjini mkate wa kambini una jina kubwa. Tukisema kambini tuna maana ya Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini, na ambayo mwaka 2015, Warundi walipomiminika, ilipata kuwa na watu zaidi ya 150,000. Wako waokaji kadhaa huko, lakini watu wakiusifu mkate huwa na mmoja mawazoni, mzee wa Fizi mwenye tanuri la matofali ya udongo. Wachuuzi huuleta mjini kwa pikipiki. Nimesikia watu wazima, wenye akili zao, wakiapa kwamba hakuna mkate kama ule kati ya hapa na Kigoma.

Nikaununua mara mbili, jioni, kwa mama mmoja mwenye meza karibu na stendi. Nje ulikuwa laini kama kitambaa kilichonyeshewa, ndani ulikuwa mkavu. Basi katika kikao kimoja cha harusi, mkate ule ulipopitishwa na chai, nikatamka kwamba sifa zake ni uvumi mtupu. Watu wakacheka. Siku chache baadaye yule mama akanipita bila kunisalimu, naye ni mtu wa kusema "Mwakeye" hata kwa mbuzi. Baadaye nikaambiwa kwamba wateja wake wawili, wenye vibanda vya chai, walikuwa wameacha kuchukua mkate kwake, maana "hata Mwalimu kasema".

Jambo hilo lilinikosesha raha kwa sababu ya kosa jingine la zamani. Miaka ya 1980, nikiwa mkufunzi, nilikwenda kumkagua mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Gari liliniharibikia njiani, nikafika zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Darasa lilikuwa na kelele, watoto wamesimama, chaki sakafuni. Nikampa alama za chini. Baada ya miaka mingi alinieleza, kwa heshima zote, kwamba watoto walikuwa wamesimama kwa kuwa somo zima lilikuwa la kupima darasa lao kwa hatua na kamba, na nilikuta wanamalizia. Nilikuwa nimesahihisha mkia wa somo.

Nikajisemea kwamba mkate nao nimeusahihisha jioni. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, anayefanya kazi huko, akanisaidia kupata kibali, kwa maana kambini hakuingiwi hivi hivi, nikalala Makere ili niwahi alfajiri.

Unga, kama nilivyoelezwa, hukandwa usiku: unga wa ngano, maji, chumvi, hamira, sukari kidogo na mafuta kidogo. Kisha huachwa uumuke polepole katika baridi yetu ya milimani. Nchi za juu kama hizi unga huumuka upesi kuliko pwani, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Baridi ya usiku ndiyo inayouzuia usikimbie, na nadhani ule ukali mdogo mtamu ulio katika mkate ule chanzo chake ni hapo. Alfajiri kuni huwashwa ndani ya tanuri lenyewe hadi matofali yashike moto, makaa yakakokotwa nje, sakafu ikapanguswa kwa gunia bichi. Kisha mzee akatupa ndani unga kiganja kimoja, akautazama. Uliungua mara moja ukawa mweusi. Akakaa chini, akaagiza chai. Alipotupa tena, unga ukageuka kahawia taratibu, naye akainuka akaanza kuingiza mikate kwa ubao wenye mpini mrefu. Hicho ndicho kipimajoto chake.

Mikate yake ni mirefu, haikuwekwa kwenye kopo. Sisi tuliotawaliwa na Waingereza tulizoea mkate wa pembe nne, huu tunaouita slesi. Wao waliachiwa na Wabelgiji mkate wa kumega kwa mkono, unaosifiwa kwa ganda. Ulipotoka nilimega, ukalia kama kuni kavu inayovunjwa. Sina haya kusema kwamba nilikula mzima, nimesimama, bila chai.

Sasa hukumu, kwa kuwa sikwenda kule kuwa mpambe. Mkate wa alfajiri unastahili sifa zake zote. Lakini mikate hailingani: mmoja ulikuwa na shimo ndani ambalo panya angeweza kupanga, na mingine ilikuwa na majivu chini yake. Niliipima mikate miwili ya bei moja kwa mizani yangu ndogo nikakuta tofauti ya gramu 30. Mzee hakukana. Tangu bei ya ngano ilipopanda mwaka 2022, kwa vita vya Ukraine, alipunguza unga badala ya kupandisha bei, kwani wateja wake wa kwanza ni watu wa kambini, na mgao wao wa chakula ulikuwa umeshuka hadi nusu mwaka 2023. Aina ya pili, yenye sukari nyingi, aliyoianza kwa ajili yetu watu wa mjini, ndiyo dhaifu kuliko zote. Anaijua kuwa dhaifu. Halafu kuna kuni. Siwezi kuusifu mkate nikasahau vilima vya Makere vilivyokuwa na mwitu nilipokuwa kijana. Tanuri la matofali linatunza moto vizuri, lakini halikosi kula.

Wa rika langu watakumbuka kwamba miaka ya 1970 kilijengwa Dar es Salaam kiwanda cha mkate cha kujiendesha chenyewe, kwa msaada wa Kanada, na ndiko ulikotoka mkate wa Siha. Wachumi walikikosoa sana, wakisema matanuri mengi madogo yangetoa mkate uleule kwa gharama ndogo na kuajiri watu wengi zaidi. Nilikuwa kijana mpenda mashine, sikuwaelewa. Niliwaelewa nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, huku vijana sita wakikanda.

Nilipomweleza mzee habari ya mkate wangu wa jioni, alinitazama kwa mshangao. "Inafikaka namna gani kule Kasulu, papa?" Hakuwa anajua. Mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo mkate wake umefika mahali ambapo yeye hajawahi kufika. Nikamweleza ulivyo laini nje. Akainuka, akamwita kijana wa pikipiki aliyekuwa akipakia, akakifungua kiroba chake. Mikate ilikuwa ya moto bado, imebanwa ndani ya sandarusi, mvuke unachuruzika. "Papa, mukate haiko na shida," akasema. "Shida iko ku njia."

Kijana akajitetea kwamba akisubiri ipoe, wenzake watamtangulia sokoni. Walibishana kwa muda mrefu, na sikuona aliyeshinda.

Niliporudi nilikwenda kwanza kwenye meza ya yule mama, nikamwomba radhi mbele ya watu. Alinijibu salamu tu. Kisha nikasema katika kikao cha harusi iliyofuata kwamba nilikosea, na kwamba anayetaka kuujua mkate ule aule Makere asubuhi au aukaange jioni. Mzee mwenzangu mmoja akauliza kwa sauti kama nilihongwa mkate mingapi. Ukweli ni kwamba nililipa bei kamili, na chenji yangu ya shilingi mia mbili bado iko kambini, kwa kuwa siku hiyo mzee hakuwa na sarafu.